Namna ya kuirudia Blake's 7, ukianza na masikio

Mara ya kwanza niliishia kipindi cha 5. Kinaitwa "The Web", na kina viumbe vidogo vinavyokimbiakimbia porini ambavyo huhitaji kukodoa macho ili uone kuwa ni watu waliovalishwa. Nilicheka, nikazima, na kwa miaka mingi nikawa nawaambia watu kwamba hiyo tamthilia ni mchezo wa watoto.

Nilirudi kwa bahati tu. Nilikuwa na rundo la nguo za kupiga pasi, nikataka sauti ya kunichangamsha, nikaiwasha na kuipa mgongo runinga. Shati la tatu hivi nikajikuta nimeisimamisha pasi kando, nasikiliza watu wawili wakitupiana maneno, kila mmoja akimpima mwenzake kama anafaa kuaminiwa hadi kesho. Sikuwa nimeona kuta wala mavazi. Hapo ndipo nilipojua nilikosea wapi, na ushauri wangu wote unatoka kwenye meza ile ya pasi.

Kwa asiyeijua: ni tamthilia ya BBC ya Uingereza, ilianza kurushwa tarehe 2 Januari 1978, misimu 4, vipindi 13 kila msimu, jumla 52. Aliyeibuni ni Terry Nation, yuleyule aliyewaumba Daleks, maadui wa tamthilia nyingine ya BBC, Doctor Who, na msimu wa kwanza wote aliuandika peke yake. Wafungwa waliotoroka wanakipata chombo cha anga kilichotelekezwa, wanakiita Liberator, wanaanza kupigana na Shirikisho linalotawala sayari chungu nzima. Pesa zilikuwa kidogo. Sehemu za ndani zilirekodiwa studio kwa video, za nje kwa filamu, ndiyo maana mtu akitoka mlangoni picha inabadilika ghafla. Na sayari nyingi ni machimbo ya mawe, machimbo yaleyale ya Uingereza yenye mawingu. Likubali hilo leo, likuishe.

Sasa kaa. Anza na kipindi cha kwanza, "The Way Back", na usithubutu kukiruka eti chombo hakijatokea bado. Watu wanaishi ndani ya jiji lililofunikwa, chakula na maji yametiwa dawa ya kuwatuliza. Blake, aliyechezwa na Gareth Thomas, ameombwa asile wala asinywe, akatolewa nje kwa siri kwenda mkutano wa wapinzani wa Shirikisho. Askari wanafika. Watu wanajisalimisha, na bado wanapigwa risasi wote, anabaki yeye. Mahakama haimshtaki kwa uasi, maana uasi ungemfanya shujaa. Inamshtaki kwa kuwadhuru watoto, na watoto wenyewe wamepandikizwa kumbukumbu, kwa hiyo wanachokisema wanakiamini kabisa. Wakili wake anaanza kushtuka, anakwenda na mkewe kutafuta ushahidi. Mwisho wao utauona. Kipindi hiki kitazame mara mbili, mara ya pili ukiwa umeipa runinga mgongo. Niambie kama huo ni mchezo wa watoto.

Kisha tafuta daftari. Mimi nilichora mstari katikati ya ukurasa: kushoto naandika kilichonichekesha wakati natazama, kulia naandika kilichobaki kichwani asubuhi ya pili. Usijaze upande wa kulia usiku uleule, utajidanganya. Kufikia katikati ya msimu wa pili upande wangu wa kushoto ulikuwa unajirudia (kofia, mimea ya plastiki, kofia tena), na wa kulia ulikuwa umekolea. Kwa mfano, "Pressure Point" nilikiandikia maneno mawili tu: chumba kitupu. Blake amewaburuta wenzake hadi Duniani kuushambulia moyo wa Shirikisho, wanafika, na ndani hamna kitu. Ni kiini macho. Njiani wakirudi wanampoteza Gan, mtu mpole kuliko wote, na hakuna anayemfufua wiki inayofuata.

Usitazame vipindi vitatu mfululizo. Vilitengenezwa kwa mtu wa kungoja wiki nzima, na ukivibana pamoja unaanza kusikia injini: wanashuka, wanakamatwa, wanaokolewa. Kimoja kwa usiku kinatosha. Na vibovu vipo, nisikufiche. "The Harvest of Kairos" kina mdudu mkubwa wa bandia ambaye hata masikio hayawezi kumwokoa. Kiruke.

Mwanzoni mwa msimu wa 3 wengi wanakata tamaa, kwa sababu Blake mwenyewe hayupo tena na jina lake bado liko mlangoni. Mimi naona hapo ndipo inapoanza kuwa tamthilia ya kweli. Anayebaki na usukani ni Avon wa Paul Darrow, mwizi aliyetumia kompyuta kuiba, aliyekuwa akimkejeli Blake kwa ndoto zake, na sasa ndoto zimemwangukia yeye. Mbele yake yuko Servalan, mtawala wa Shirikisho, aliyechezwa na Jacqueline Pearce mwenye nywele fupi kabisa, anayeingia kwenye vumbi la machimbo na gauni jeupe kana kwamba amealikwa harusini. Mwanzo gauni lilikuwa upande wangu wa kushoto. Baadaye nililihamishia kulia: yeye ndiye mtu pekee asiyejali yuko wapi, kwa sababu kila mahali anapahesabu kuwa pake.

Msimu huo unafungwa na "Terminal" ya 1980, na hapo fungua masikio. Zen, kompyuta ya Liberator, ni sauti tu, sauti ya Peter Tuddenham. Chombo kinaoza, Zen anakufa, na anaomba radhi. Ni Vila, mwizi mwoga, anayegundua kwamba hajawahi kumsikia Zen akijitaja mwenyewe. Kwetu tungesema hakuwahi kutumia "ni-". Silabi moja, na nilikaa na pasi ya moto mkononi.

Msimu wa 4 una chombo duni zaidi na hasira nyingi zaidi. Kipindi cha kukifikia ni "Orbit", kilichoandikwa na Robert Holmes. Avon na Vila wako kwenye chombo kidogo kilichozidi uzito, wameshatupa nje kila kinachotupika, bado hakipandi. Avon anafoka akiuliza nini kina uzito wa kilo 70. Orac, kompyuta isiyojua aibu, inamjibu kwamba Vila ana kilo 73. Avon anachukua bunduki. Dakika zinazofuata ni Vila kajificha gizani analia bila sauti, na Avon anapita akimwita kwa upole, kama mtu anayemtafuta paka. Hakuna mlipuko, hakuna sayari. Wamekuwa pamoja tangu mwanzo wa safari.

Cha mwisho kinaitwa "Blake", cha Chris Boucher, kilirushwa tarehe 21 Desemba 1981, siku 4 kabla ya Krismasi. Usisome chochote kukihusu. Siku hiyo rudia kwanza "The Way Back", upumzike, ndipo ukiwashe. Mimi nilikitazama bila pasi, nimekaa kama mgeni. Majina yakianza kupanda usizime. Sogea karibu na spika.