Kufufua faili la PDF lililogoma kufunguka

Hapa dukani Mwenge tunachapa na kufunga tasnifu, na haipiti wiki bila mtu kuja na flashi mkononi: "Kaka, jana usiku limefunguka, leo limegoma kabisa." Mara nyingi flashi ilichomolewa kabla faili halijamaliza kunakiliwa, au bando lilikata katikati ya kupakua. Usimwambie aandike upya. Maandishi mengi huwa bado yamo.

PDF huanza na alama `%PDF-`, kisha hufuata vipande vyake: kurasa, fonti, picha. Karibu na mwisho kuna orodha iitwayo `xref`, inayotaja kila kipande kimeanzia baiti ya ngapi, na mstari wa mwisho kabisa ni `%%EOF`. Programu ya kusomea huanzia huku mkiani. Mkia ukikatika, kurasa mia mbili nzima hazionekani ingawa zipo. Kazi yetu ni kuijenga upya orodha hiyo.

Amri zote hapa chini ni za Linux, na huandikwa kwenye terminal, yaani dirisha la kuandikia amri.

1. Nakili faili kutoka kwenye flashi kwenda kwenye kompyuta, kisha fanyia kazi nakala tu:

`cp tasnifu.pdf jaribio.pdf`

2. Kwenye Ubuntu au Debian, weka zana zote kwa mara moja. Ni za bure, na ukishaziweka huhitaji intaneti tena:

`sudo apt install qpdf mupdf-tools ghostscript poppler-utils`

3. Pima kabla ya kutibu.

`ls -l jaribio.pdf`
`file jaribio.pdf`
`tail -c 100 jaribio.pdf`
`qpdf --check jaribio.pdf`

Ukubwa ukiwa 0, hakuna cha kufufua. Rudi kwenye barua pepe au simu lilikotoka. `file` ikisema HTML, ulichopakua ni ukurasa wa tovuti uliopewa jina la PDF, basi pakua tena. `tail` huonyesha baiti 100 za mwisho: usipoona `%%EOF` humo, faili limekatika. `qpdf --check` hutaja makosa inayoyakuta ndani ya faili.

4. Anza na dawa nyepesi:

`qpdf jaribio.pdf mpya.pdf`

qpdf hupitia faili zima, hutafuta kila kipande kilipo, kisha huandika orodha mpya bila kugusa sura ya kurasa. Kwangu hii ndiyo inayomaliza kesi nyingi. Ikishindwa:

`mutool clean jaribio.pdf mpya2.pdf`

5. Ghostscript naiacha ya mwisho:

`gs -o mpya3.pdf -sDEVICE=pdfwrite jaribio.pdf`

Hii haikarabati orodha peke yake. Inazichora kurasa upya, moja baada ya nyingine. Fomu za kujaza zinaweza kupotea humo. Na kama hati ina saini ya kidijitali, fahamu kwamba kuiandika upya kwa zana yoyote kati ya hizi kunaibatilisha saini hiyo. Mwombe aliyesaini aitume tena.

6. Hesabu kurasa kwa `pdfinfo mpya.pdf`, kisha zipitie zote kwa macho, na mwenye kazi akiwa pembeni. Sehemu iliyokatika haiwezi kurudi, kwa hiyo faili linaweza kufunguka vizuri huku majedwali ya sura ya nne hayapo. Afadhali mjue kabla ya kuchapa kuliko baada ya kufunga jalada gumu.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie tovuti za kukarabati PDF zilizoharibika, ni mibofyo miwili tu. Sipendi. Mafaili ninayopokea ni vyeti, mikataba ya viwanja, majibu ya vipimo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mteja aliniamini mimi, hakuiamini seva nisiyoijua iliko. Zana hizi zinafanya kazi yote ndani ya kompyuta yangu.

7. Yote yakishindikana, okoa kinachookoleka:

`pdftotext jaribio.pdf maandishi.txt`
`pdfimages -all jaribio.pdf picha`

Ya kwanza hutoa maneno, ya pili hutoa picha. Mpangilio utapotea, ila mwanafunzi ataondoka na maneno yake na grafu zake za picha, apange upya kwenye programu ya kuandikia kama LibreOffice.