Jinsi ya Kumtafuta Askari wa Missouri wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani

Anza kwa jina, kaunti na umri wa mtu huyo mwaka 1861, ukiorodhesha pia namna nyingine za kuliendeleza jina hilo, kwa kuwa makarani wengi waliandika walivyosikia.

Kisha tambua alihudumu katika kikosi gani, na hapa usifanye haraka, maana jimbo hili lilitoa askari kwa pande zote mbili. Missouri State Guard, iliyoundwa Mei 1861 na kuongozwa na Sterling Price, ilipigana upande wa Kusini. Missouri State Militia ilitumikia Muungano, yaani serikali ya Marekani na upande wa Kaskazini, na askari wake walikuwa kazini wakati wote, si kwa kuitwa tu. Nayo Enrolled Missouri Militia, iliyoanzishwa Julai 1862, iliandikisha wanaume wenye uwezo wa kubeba silaha na kuwaita kwa muda mfupi palipotokea hatari. Mtu mmoja anaweza kuonekana katika vikosi viwili.

Hatimaye itafute kadi yake ya utumishi jeshini katika hifadhi ya nyaraka ya jimbo, mjini Jefferson City, na uisome yote: kwa askari wa farasi, wakati mwingine utakuta thamani ya farasi aliyekuja naye, na hapo mtu mwenyewe huanza kuonekana nyuma ya namba za kikosi.