Telekomandi inayotegemea wingu: ya kufanya kabla seva haijafungwa

Umeme ulirudi saa moja jioni katika nyumba ya wageni pale Himbi, mtaa wa hapa Goma, na dekoda ikawaka yenyewe, televisheni ikabaki nyeusi. Mama mwenye nyumba akachukua telekomandi yake moja inayoamuru vyote (rimoti, kwa wenzetu wa Nairobi), akabonyeza kitufe cha kuzima ili aanze upya. Televisheni ikawaka, dekoda ikazima. Akabonyeza tena, vikapokezana. Akanipigia: "Fundi, hii kitu wameiroga."

Haikurogwa. Telekomandi huamuru kwa mwanga wa infraredi, nao huenda upande mmoja tu: inaamuru, haioni kilichotokea. Inachofanya ni kukumbuka ilichoamuru mwisho. Umeme ukikatika na kurudi, kumbukumbu yake na hali ya sebuleni haviko pamoja tena, na hapa Goma jambo hilo huweza kutokea mara kadhaa kwa wiki. Dawa yake ni amri mbili zilizotengana, moja ya kuwasha tu na nyingine ya kuzima tu. Televisheni nyingi huzielewa, ila telekomandi ya kiwandani huwa na kitufe kimoja tu kinachogeuza hali. Amri hizo za kufichwa zilikuwa kwenye hazina ya kampuni, ng'ambo, ndani ya seva, zile kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti na kuitwa wingu, na ndiyo maana naandika haya.

Telekomandi ya mama ni Harmony. Ilianzia Kanada kwenye kampuni ndogo ya Intrigue Technologies, Logitech ikainunua mwaka 2004, na Aprili 2021 Logitech ikatangaza kwamba haitengenezi tena. Iliahidi kuendelea kutunza seva na hazina ya vifaa kwa wanaoitumia. Ahadi nzuri, lakini kampuni hiyo hiyo iliwahi kutangaza kwamba kisanduku chake cha Harmony Link, cha kuamuru televisheni kwa simu, kingeacha kufanya kazi tarehe 16 Machi 2018, na wateja walipopiga kelele ndipo ikawapa kipya bure. Kabla ya hapo, Revolv, kisanduku cha kuamuru vifaa vya nyumbani cha dola 300 hivi, kilizimwa Mei 2016 baada ya kampuni yake kununuliwa na kampuni ya Nest. Kwa hiyo chukulia kwamba siku hiyo itafika, na jipange wakati seva bado zinaitika.

Anza kwa kujua kifaa chako kinaomba nini huko mbali. Chomoa SIM kwenye ruta lakini uache Wi-Fi ikiwaka, halafu keti na kalamu ujaribu kila kitu. Vitufe vya telekomandi ya mkononi vitaendelea, kwa sababu mipangilio imeshahifadhiwa ndani yake. Amri za sauti zitakufa papo hapo, maana Alexa, msaidizi wa sauti wa Amazon, haikai sebuleni kwako. Programu ya simu ifunge kabisa, uifungue upya bila intaneti, uone kama inakubali au inazungusha duara. Jaribu pia kuongeza kifaa kipya: hapo itakataa, na hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Seva zikifungwa, telekomandi haifi asubuhi hiyo. Inakufa siku utakapobadilisha televisheni.

Jambo la pili ni akaunti, na kwetu hili ndilo linaloumiza kuliko betri na nyaya. Vifaa hivi vingi vililetwa kwenye sanduku na ndugu kutoka Montréal au Brussels, akavisajili kwa barua pepe yake, akarudi zake. Ya mama wa Himbi ilikuwa hivyo. Tulipotaka kuongeza dekoda mpya, nywila ilikuwa kwa kaka yake, na kaka alikuwa ameshaacha ile barua pepe. Tulimaliza siku tatu kwenye WhatsApp tukimbembeleza akumbuke. Mwombe ndugu leo akukabidhi barua pepe na nywila, ziandike kwenye daftari, uingie mwenyewe mara moja kuhakikisha. Ukiwa humo ndani, piga picha kila ukurasa: majina kamili na namba za modeli, mpangilio wa vitufe, kifaa kipi kinaanza na kinasubiri sekunde ngapi.

Wakati mnahangaika na nywila, tafuteni telekomandi za kiwandani. Zipo, kwenye droo au kwa watoto. Jaribu kila moja mbele ya kamera ya simu, hasa ya mbele, maana ile ya nyuma mara nyingi ina kichujio kinachozuia mwanga huo: ukibonyeza utaona taa ya zambarau au nyeupe ikipepesa, ambayo macho hayaioni. Isipopepesa, badilisha betri kabla ya kuitupa. Funga kila moja na utepe ulioandikwa jina la kifaa chake.

Sasa kazi yenyewe, nayo inataka jioni nzima. Nunua kifaa kinachojifunza, yaani kinachoweza kunakili mwanga wa telekomandi nyingine. Kuna telekomandi za mkononi zenye kitufe cha kujifunza, na kuna visanduku kama Broadlink RM4 mini. Watu wengi hufundisha kifaa kipya kwa kutumia telekomandi ya kiwandani. Mimi nasema mwalimu awe Harmony yenyewe, maana ndiyo inayojua zile amri za kuwasha tu na kuzima tu, na za kwenda moja kwa moja HDMI 1 au HDMI 2 bila kupitia orodha. Zichukue hizo kwanza, sauti na chaneli baadaye.

Viweke juu ya meza vikitazamana, sentimita chache kati yao, mbali na dirisha. Jua lina infraredi nyingi na huchafua somo. Bonyeza kwa ufupi. Ukishikilia kitufe amri hujirudia na kifaa hunakili mkia wake. Jaribu kila amri kwenye televisheni kabla ya kwenda kwenye inayofuata. Nilifundisha ishirini mfululizo bila kujaribu, nikagundua kumi na moja zilikuwa takataka, nikaanza upya huku mama akinitazama kwa ule mtazamo.

Kama umechukua Broadlink, ingia kwenye programu yake, uondoe kufuli la kifaa, ili kompyuta ya nyumbani yenye Home Assistant, programu ya kuamuru vifaa vya nyumbani, iweze kukiamuru ndani ya Wi-Fi bila kutoka nje. Misimbo uliyonakili ihifadhi kwenye faili, nayo faili uiweke kwenye flashi na kwenye simu. Vinginevyo umehama kutoka wingu moja kwenda lingine.

Kuhusu betri ni kifupi. Harmony 665 inatumia betri mbili za AA za dukani, na ile ndogo ya Companion inatumia kidonge cha CR2032. Harmony Elite ina betri ya kuchaji, na ukiona mfuniko wake umeanza kuvimba, itoe usisubiri.

Usifute kifaa kurudi hali ya kiwandani kwa sababu tu kimekusumbua. Kisanduku kilichofutwa kinarudi kuomba akaunti na seva, na kama hazipo umebaki na jiwe jeusi. Masasisho nayo yasikubaliwe ovyo: Desemba 2018 sasisho moja la Harmony Hub, kisanduku cha Harmony kinachounganishwa na Wi-Fi, liliondoa njia ambayo watu walikuwa wakitumia kukiamuru bila wingu, na ilirudishwa baada ya malalamiko.

Kabla ya kununua chochote, angalia pia kama unakihitaji. Televisheni na vifaa vingi vinaongea kupitia waya wa HDMI wenyewe: Samsung wanaita Anynet+, LG wanaita Simplink, Sony wanaita Bravia Sync. Washa kipengele hicho kwenye mipangilio, na huenda telekomandi ya televisheni ikatosha kuamuru spika pia. Dekoda ndizo wakaidi. Simu nyingi za Redmi zina taa ya infraredi juu, ila programu yake ijaribu ukiwa umezima data. Na kwa chumba cha mgeni, anayetaka chaneli na sauti tu, telekomandi ya bei ya chini inayokuja na karatasi ya namba za kuingiza inatosha kabisa; karatasi yenyewe ipige picha, kwani ndiyo ya kwanza kupotea.

Mwisho, vya mitumba. Vitu vinavyoachwa na kiwanda huteremka bei, na muda si mrefu utavikuta kwenye maduka ya Birere vikiwa vimefungwa plastiki safi, muuzaji akikuambia ni vya Ulaya. Mwombe akiwashe hapo hapo, azime data ya simu yake, akitumie kuzima televisheni ya duka. Muulize na akaunti ni ya nani. Akianza kueleza kwamba ukifika nyumbani itajiweka yenyewe, mrudishie.