Kustahimili Mafunzo ya Udaktari Ukiwa Mweusi Nchini Marekani: Andika, Uliza, Usikae Peke Yako

Kila nilipopiga simu nyumbani nilipewa ushauri uleule: vumilia, mvumilivu hula mbivu. Ulikuwa ushauri wa mapenzi, nami niliufuata mwaka mzima wa kwanza wa mafunzo yangu ya ubingwa katika hospitali moja ya Marekani, mpaka siku niliyotambua kwamba nilichokuwa nakiita uvumilivu kilikuwa ni kunyamaza tu, na kwamba kunyamaza kulikuwa kunanifanya niwe daktari mwoga. Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wa udaktari na madaktari walioko mafunzoni huko, weusi pamoja na wale ambao Wamarekani huwaita watu wa rangi ya kahawia, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ya Asia ya Kusini, na wazawa wa bara lile. Ninachokiamini baada ya miaka ile ni kwamba ustahimilivu haupatikani kwa kujikaza peke yako. Unajengwa kwa karatasi na kwa watu.

Kabla ya yote, fahamu uchache wenu ulitoka wapi, kwa sababu mtu anayejikuta peke yake mweusi katika kundi la watu ishirini huanza kudhani kwamba pengine kweli hapo si mahali pake. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alitoa ripoti iliyobadili elimu ya udaktari Marekani, na katika vyuo saba vya udaktari vya watu weusi vilivyokuwepo alipendekeza viwili tu viendelezwe, Howard cha Washington na Meharry cha Nashville. Kufikia 1923 vile vitano vingine vilikuwa vimefungwa. Wakati huohuo vyama vingi vya madaktari vya majimbo viliwafungia madaktari weusi milango, ndiyo maana walikuwa wameunda chama chao wenyewe, National Medical Association, mwaka 1895. American Medical Association, chama kikuu cha madaktari wa Marekani, iliomba radhi kwa ubaguzi huo mwaka 2008. Uchache wenu, kwa hiyo, ni matokeo ya maamuzi ya watu wanaojulikana kwa majina na miaka, wala si kipimo cha akili yako.

Daftari

Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni mwa koti jeupe. Usiandikie kwenye kompyuta ya hospitali wala kwenye barua pepe ya kazini, na kamwe usiandike jina la mgonjwa, namba ya faili lake au jambo lolote linaloweza kumtambulisha. Gawa kila ukurasa pande mbili. Upande wa kushoto andika tukio: siku, saa, mahali, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, aliyekuwepo, na ulichofanya. Upande wa kulia andika jambo moja ulilolifanya vizuri siku hiyo, hata likiwa dogo.

Ukurasa mmoja wa daftari langu unasomeka hivi upande wa kushoto: "Jumanne, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Mgonjwa amenikabidhi sinia la chakula cha jana usiku, akaniambia niondoe na takataka. Nilikuwa nimevaa kitambulisho na kipimo cha moyo shingoni. Nimepokea sinia, nimeliweka mezani, nimejitambulisha. Nesi wa zamu alikuwepo. Mkufunzi aliingia, akaona, hakusema kitu." Na upande wa kulia: "Nimeona potasiamu ya mgonjwa wa dirishani imepanda kabla ya raundi. Nimempigia daktari wa figo mwenyewe."

Faida ya kwanza ya kuandika ni kwamba baada ya zamu ya saa zaidi ya ishirini kumbukumbu haiaminiki. Huikuza fedheha na kuisahau kazi nzuri. Faida ya pili ni kwamba mambo yanayoonekana madogo yakitazamwa moja moja huonyesha mkondo wake yakisomwa kwa pamoja. Lakini iko faida ya tatu, ambayo sikuitarajia. Baada ya wiki sita nilikaa nikasoma kurasa zote, nikaona kwamba mkufunzi mmoja niliyekuwa nimemhesabu kuwa ananionea alikuwa amenikosoa mara nne, na mara zote nne kwa jambo moja: nilikuwa naeleza hali ya mgonjwa kwa maneno mengi mno, na uamuzi wangu nikiuweka mwisho kabisa. Alikuwa sahihi. Wakati huohuo mwingine, aliyekuwa mpole kwa sauti, alikuwa hajaniita kwa jina langu hata mara moja. Kukua katika kazi hii kunahitaji kutenganisha vitu hivi viwili, ukosoaji unaokufunza na maneno yanayokudhalilisha, na moyo uliochoka hauwezi kuvitenganisha papo hapo pale wodini. Karatasi inaweza.

Maneno yaliyo tayari mdomoni

Mtu akidharauliwa ghafla, ulimi hukauka. Tayarisha sentensi chache mapema na uziseme kwa sauti ukiwa peke yako mpaka zizoeleke. Kwa mgonjwa aliyekudhania mhudumu wa usafi, inatosha kusema kwa utulivu: "Mimi ni daktari wako leo. Nimekuja kukuuliza ulilalaje." Usijieleze zaidi ya hapo, wala usiseme neno lolote la kuwashusha wanaofanya usafi, kwa maana nao ni wenzako. Kwa mwenzako aliyesema neno la ubaguzi, sentensi inayofaa mara nyingi ni swali: "Unamaanisha nini hasa?" Swali hilo humlazimu asikie alichokisema, nawe hubaki na heshima yako.

Kuhusu mgonjwa anayekataa kabisa kuhudumiwa na wewe kwa sababu ya rangi yako, usisubiri litokee. Siku ya kwanza katika kila kitengo kipya muulize mkufunzi wako, mkiwa wawili: "Hilo likitokea, tutafanyaje?" Ikiwa hali ya mgonjwa ni ya dharura, anatibiwa kwanza. Ikiwa ametulia, kazi ya kuzungumza naye ni ya mkufunzi, si yako. Mkufunzi aliyekwisha kuulizwa jambo hili mapema hupata taabu kukaa kimya linapotokea, na ninaamini kwamba kama ningaliuliza, Jumanne ile isingaliishia vile.

Tathmini isiyoshikika

Hapa ndipo wengi wetu huumia kwa muda mrefu bila kujua, kwa hiyo nitakaa kidogo. Utapewa tathmini inayosema "anahitaji kujiamini zaidi" au "bado hajafikia kiwango kinachotarajiwa", bila mfano hata mmoja. Maneno ya namna hiyo hayawezi kufanyiwa kazi, lakini yanahesabiwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu Alpha Omega Alpha, chama cha heshima cha wanafunzi bora wa udaktari, ulionyesha kwamba wanafunzi weusi na wenye asili ya Asia walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kuchaguliwa kuliko wazungu, hata walipolinganishwa na wenzao wenye alama za mtihani zinazofanana. Na tangu Januari 2022 Step 1, mtihani wa kwanza kati ya mitihani ya leseni ya udaktari Marekani, hutoa matokeo ya kufaulu au kushindwa tu, bila alama, kwa hiyo maneno ya wakufunzi yamezidi kuwa na uzito.

Usingoje mwisho wa mwezi. Katikati ya mzunguko, yaani kipindi chako katika kitengo kimoja, wiki ya pili ikiwa ni wa wiki nne, mwombe mkufunzi dakika kumi na umuulize maswali yanayodai mfano: "Ni mgonjwa yupi ambaye ungetaka ningemhudumia tofauti? Ningefanya nini? Utajuaje wiki ijayo kwamba nimerekebisha?" Akijibu kwa ujumla, rudi taratibu kwa mgonjwa mmoja mnayemfahamu wote wawili. Jioni ileile mwandikie barua pepe fupi ya shukrani inayorudia mliyokubaliana, kwa mfano kwamba utataja uamuzi wako katika sentensi ya kwanza na kwamba mtazungumza tena Ijumaa. Barua hiyo ina adabu, na ni kumbukumbu. Tathmini ya mwisho ikija na jambo ambalo halikutajwa kamwe, una mahali pa kusimamia.

Ikifika hatua ya barua ya onyo au ya kukuweka chini ya uangalizi, usiichukulie kama karipio la kawaida, kwa sababu maombi mengi ya leseni huuliza kama umewahi kuwekwa chini ya uangalizi mafunzoni. Omba sababu kwa maandishi, omba kanuni za programu na utaratibu wa rufaa, ambao kila programu iliyoidhinishwa inatakiwa kuwa nao, na ukitakiwa kutia saini, andika kwamba saini yako ni ya kupokea, si ya kukubali. Kama hospitali yako ina chama cha wafanyakazi, kwa mfano Committee of Interns and Residents kilichoanzishwa mwaka 1957, wasiliana nacho siku hiyohiyo. Nenda na daftari.

Watu

Unahitaji mlezi wa kukufundisha njia, na unahitaji pia mtu wa kukupigia debe katika vikao usivyoitwa. Mara nyingi hawa si mtu mmoja, na huyo wa pili si lazima awe mweusi. Awe tu na cheo na awe ameiona kazi yako kwa macho yake. Wenzako wa rika utawapata katika Student National Medical Association, chama cha wanafunzi weusi wa udaktari kilichoanza mwaka 1964, au Latino Medical Student Association. Nasema vyama badala ya ofisi za chuo kwa sababu ofisi zinaweza kuondolewa: huko Texas sheria ilifunga ofisi za usawa na ujumuishi katika vyuo vya umma kuanzia Januari 2024.

Wapo pia watu wasio na cheo. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akisafisha wodi yetu usiku, mweusi wa kule kule, alisimamisha ndoo yake siku moja, akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema, "Mwanangu, tunakuona." Niliandika upande wa kulia.

Utaombwa pia kukaa katika kila kamati inayohusu rangi na kupigwa picha kwa kila kipeperushi. Kabla ya kukubali uliza utapunguziwa zamu ipi, cheo chako kitaitwaje, na nani atafanya kazi hiyo ukiondoka. Bila majibu, kataa kwa upole.

Geuza uzoefu uwe utabibu

Unachokijua kwa kuishi ndani ya ngozi yako kina thamani kitandani mwa mgonjwa, ilimradi ukiambatanishe na ushahidi. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walionyesha kwamba kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Mwaka 2021 vyama vya madaktari wa figo vilipendekeza kuondolewa kwa kigezo cha rangi katika hesabu ya utendaji wa figo, kigezo kilichofanya figo za mgonjwa mweusi zionekane nzima kuliko zilivyo na kumchelewesha kuingia katika orodha ya kupandikizwa. Ukisema wodini, "Kidole kinaonyesha tisini na tatu lakini anahema, naomba tupime gesi za damu," umemtetea mgonjwa, na hakuna anayeweza kukuambia kwamba unajiamini kidogo mno.

Mwili na akili

Kikomo cha kazi ni saa 80 kwa wiki na siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, vyote kwa wastani wa wiki nne; andika saa zako za kweli, hata kama wenzako wanazipunguza. Tafuta mnasihi mapema, nje ya hospitali yako ukiweza. Wengi huogopa kwamba leseni itauliza, kwa hiyo soma maneno yenyewe ya fomu ya jimbo lako: majimbo mengi sasa huuliza tu kuhusu hali ya sasa inayozuia kazi, si kama umewahi kutibiwa. Na usiku ukiwa mzito kupita kiasi, piga 988, namba ya Marekani nzima ya msaada inayopokewa saa 24 tangu Julai 2022. Iandike ukurasa wa kwanza wa daftari, leo, kabla hujaihitaji.