Mbwa wako kala kitu kitamu? Fanya hivi

Kwanza usipaniki, jiulize kala nini hasa, maana sukari yenyewe haimuui mbwa siku hiyohiyo. Kipande cha andazi au kabiskuti kaliangushwa na mtoto, huyo labda ataharisha tu, mwekee maji basi. Ila ukimzoesha kila siku atanenepa, meno yataoza, na hizo juisi na soda hazimsaidii kitu kabisa.

Shida kubwa ni vitu vitatu. Chokoleti, na ile nyeusi chungu ndo mbaya zaidi kuliko ya maziwa. Zabibu kavu, kwa hiyo keki ya zabibu usimpe hata akikuangalia kwa yale macho yake, inaweza kuua figo. Halafu zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, hii watu wengi hawaijui, inakaa kwenye chingamu na pipi zilizoandikwa hazina sukari, soma pakiti utaona neno xylitol au namba E967, ikiingia tumboni sukari ya damu inashuka ghafla, wakati mwingine ndani ya nusu saa tu, mbwa anayumba, anatapika, anaanza degedege.

Kama kala kimojawapo usisubiri dalili, mpigie daktari wa mifugo saa hiyohiyo, mwambie uzito wa mbwa na kiasi alichokula, nenda na pakiti. Na msimnyweshe maji ya chumvi ili atapike jamani, chumvi nayo ni sumu.

Unataka kumdekeza? Kipande cha ndizi, papai au tikiti bila mbegu. Wangu anapenda karoti, sijui kwa nini.