Umeme wa neva na mazoezi ya kutembea baada ya jeraha la uti wa mgongo: pedi, vipimo na yanayoharibika

Mtu aliyeumia uti wa mgongo na kubakiwa na nguvu kiasi miguuni mara nyingi hukwama mahali pamoja: anasimama, anashika fremu, anahamishia uzito upande wa pili, halafu ncha ya mguu inakwaruza sakafu na hatua inaishia hapo. Stimuleta, yaani mashine ndogo ya kusisimua neva kwa umeme kupitia pedi zinazobandikwa juu ya ngozi chini ya goti, inaweza kuunyanyua mguu huo kwa wakati unaotakiwa. Teknolojia yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1961 Liberson na wenzake huko Marekani walieleza kifaa cha aina hii, kikiwashwa na swichi iliyowekwa chini ya kisigino, kwa watu waliopooza upande mmoja.

Mwongozo huu ni wa mtaalamu wa fiziotherapia na ndugu atakayemsaidia. Ndugu asianze nyumbani kabla mtaalamu hajampima mgonjwa, hajapanga mashine na hajamwona ndugu mwenyewe akibandika pedi sawasawa.

Tuanze na fedha, maana familia nyingi huuliza kuhusu roboti za kumtembeza mgonjwa. Mwaka 2011 Field-Fote na Roach, kutoka Miami, walichapisha matokeo ya watu 74 wenye jeraha la siku nyingi, waliogawanywa katika makundi manne: tredmili (mashine ya mkanda unaozunguka ya kutembelea) kwa kusaidiwa na mikono ya wataalamu, tredmili pamoja na umeme wa neva, sakafu ya kawaida pamoja na umeme wa neva, na roboti. Wote walipunguziwa sehemu ya uzito kwa mikanda, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 12. Walioongeza umbali zaidi ni wa sakafuni, na kundi la roboti ndilo halikuongeza kasi. Kwa hiyo ukiwa na korido ndefu, stimuleta nzuri na watu wawili wenye subira, hujapungukiwa na kitu cha maana.

Nani anafaa

Anayefaa ni mwenye jeraha lisilo kamili, daraja C au D kwa kipimo cha ASIA cha ukubwa wa jeraha la uti (misuli ya chini ya jeraha bado inaweza kukazwa kwa hiari), anayeweza kusimama hata kwa kushikiliwa. Kifundo cha mguu kifike nyuzi 90 goti likiwa limenyooka. Kano ya nyuma ikiwa imefupika, umeme utavutana nayo na utashindwa.

Jambo la pili halionekani kwa macho: neva inayotoka kwenye uti kwenda kwenye msuli lazima iwe hai. Aliyeumia chini kabisa, ambako uti unaishia na mizizi ya neva inashuka kama mkia, mara nyingi ana mguu uliolegea, hauruki ukigongwa na hauitikii stimuleta. Jaribu kwa mipigo ya mikrosekunde 300, masafa ya hezi 35, ukipandisha umeme polepole. Ukifika miliampea 60 na msuli haujatikisika hata kidogo, hamisha pedi mara mbili tatu. Bado kimya? Acha. Kuendelea kupandisha ni kumchoma mtu asiyehisi. Huyo anahitaji splinti ya mguu, yaani kifaa kigumu cha kushikilia kifundo, na kwa Tanzania mafundi wake husomea chuo cha TATCOT, Moshi.

Usimtumie umeme mwenye kifaa cha kusaidia moyo kilichopandikizwa, mwenye damu iliyoganda mguuni, mfupa wa mguu uliovunjika na haujaunga, kidonda au saratani mahali pa pedi. Mwenye kifafa kisichodhibitiwa na mjamzito waamuliwe na daktari. Vyuma vilivyofungwa mgongoni havizuii umeme wa mguuni. Aliyekaa miaka bila kusimama ana mifupa dhaifu. Asimamishwe kwa hatua, na asiruhusiwe kuanguka hata mara moja.

Kubandika pedi

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Osha ngozi kwa sabuni na maji, kausha, usipake mafuta. Nywele nyingi zikatwe kwa mkasi. Wembe huacha michubuko na umeme hupita humo kwa kuchoma.

Mkalishe mgonjwa, goti limekunjwa kidogo. Papasa upande wa nje, chini kidogo ya goti, utakuta kichwa cha mfupa mwembamba, kigumu kama kifungo. Teleza kidole nyuma yake na chini, upana wa kidole kimoja. Chini ya ngozi hapo kuna neva unayoweza kuiviringisha kwa ncha ya kidole. Weka hapo pedi hasi. Pedi chanya iende mbele na chini zaidi, juu ya nyama iliyo nje kidogo ya ugoko, sentimita 5 hadi 7 kutoka ya kwanza. Pedi za sentimita 5 kwa 5 zinawafaa wengi. Rangi za waya hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo soma kijitabu cha mashine usikisie.

Pandisha umeme mpaka kifundo kiinuke. Unachotafuta ni unyayo unaopanda huku ukigeuka nje kidogo tu. Ukigeukia ndani, mgonjwa atakanyaga kwa ukingo na kuteguka: sogeza pedi ya juu ikae vizuri zaidi juu ya neva, au ya chini uisogeze upande wa nje. Ukigeukia nje kupita kiasi, fanya kinyume, pedi ya chini isogee karibu na ugoko. Vidole vikipanda peke yake na kifundo kikabaki, pedi ya chini iko nje au chini mno. Sogeza sentimita moja moja, na umeme ushushwe hadi sifuri kabla ya kila kubandua.

Ukimaliza hapo, msimamishe ujaribu tena. Goti likinyooka ngozi huteleza juu ya neva, na pedi iliyokuwa sahihi kitini inaweza kuikosa neva kabisa. Zungushia pedi alama kwa kalamu ya wino akiwa amesimama.

Mashine na swichi

Anza na hezi 35, mikrosekunde 300, na umeme unaotosha kuinua mguu, mara nyingi kati ya miliampea 20 na 60. Umeme upande taratibu kwa sekunde 0.2 hadi 0.5. Mwenye shavu la mguu lililokakamaa mpe muda mrefu zaidi, kwa sababu msuli wa nyuma ukivutwa ghafla hujibu kwa kutetemeka, na mguu unasukumwa chini badala ya kupanda. Kisigino kikishagusa sakafu, umeme ubaki sekunde 0.2 hivi ndipo ushuke, la sivyo unyayo utaanguka kwa kishindo.

Mashine ya kawaida ya kutuliza maumivu haifai kutembelea. Haina swichi ya kuifuata hatua, na nyingi hazipandishi umeme taratibu. Itumie kupimia kama msuli unajibu, basi.

Swichi ya kisigino huwasha umeme kisigino kinapoinuka. Kama kisigino cha mguu mbovu hakifiki chini, iweke kwenye kiatu cha mguu mwingine, na umeme uwake kisigino hicho kinapogusa sakafu. Swichi ya mkononi ni bora kwa wiki za mwanzo: mtaalamu hubonyeza pale tu uzito umeshahamia mguu wa pili. Akiwahi, mguu unakunjika ukiwa bado umebeba mwili na mgonjwa anakwenda chini. Akichelewa, mguu unaburuzwa.

Umeme ukiongezwa zaidi, goti na nyonga navyo hukunjika kwa pamoja, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Kwa mwenye nyonga dhaifu huo ni msaada mkubwa, ila mwili huuzoea na baada ya hatua kadhaa mguu unapanda kidogo kidogo. Usikimbilie kupandisha umeme. Mpumzishe dakika mbili, au badilisha masafa kwa hezi 5 hadi 10.

Mazoezi yenyewe

Wiki moja hadi mbili za kwanza, umeme utumike akiwa amekaa: sekunde 5 unawaka, sekunde 15 umezima, dakika 10 mara mbili kwa siku, ukiongeza hadi dakika 30. Msuli uliolala huchoka upesi, na umeme huwasha nyuzi zilezile kila mara, hivyo asiyejengwa kwanza atakwama baada ya mita chache.

Kisha korido. Nyoosha shavu la mguu dakika 10. Tembea vipindi vya dakika 3 hadi 5, kiti kikifuata nyuma, mpaka jumla ya kutembea kwenyewe ifike dakika 20 hadi 30, siku 3 hadi 5 kwa wiki. Ukiwa na mikanda ya kupunguza uzito, usizidishe asilimia 40, na punguza mara tu goti linapoacha kulegea. Mgonjwa ajitahidi kuinua mguu mwenyewe kila umeme unapowaka. Anayeachia mashine ifanye yote hufaidi kidogo. Juhudi iwe 5 hadi 8 katika kipimo cha 0 hadi 10. Kwa jeraha la T6 (pingili ya sita ya mgongo usawa wa kifua) kwenda juu, usitegemee mapigo ya moyo kupima juhudi.

Pima presha kabla, katikati na baada. Ikishuka kwa 20 ya juu au 10 ya chini anaposimama, na kichwa kikawa chepesi, mkalishe, mfunge mkanda wa tumbo na soksi za kubana, ndipo mwendelee.

Hatari kubwa zaidi ni kinyume chake. Kwa aliyeumia T6 au juu, presha inaweza kupanda ghafla: kichwa kinagonga, uso unakuwa mwekundu au unatoka jasho, mapigo yanapungua. Zima umeme, mkalishe wima miguu ikining'inia, legeza mikanda na nguo, kisha angalia mpira wa mkojo kama umejikunja au mfuko umejaa. Halafu fikiria haja kubwa, kidonda, kiatu kinachobana. Pima kila dakika 2 hadi 5. Ya juu ikibaki 150 au zaidi, hiyo ni dharura ya daktari. Kumbuka kawaida yake huenda ni 95, kwa hiyo 130 kwake tayari ni nyingi.

Baada ya kubandua, tazama ngozi. Wekundu sawia unaoisha ndani ya nusu saa si tatizo. Doa dogo jekundu pembeni, au lengelenge, maana yake pedi imekauka au imenyanyuka, na umeme wote umepita kwenye eneo dogo. Tupa hiyo pedi.

Na umeme wa mgongoni?

Pedi za mgongoni usawa wa T11 na T12, zikiunganishwa na za tumboni, hezi 50 kwa dakika 30, chini ya kiwango cha kutikisa misuli, zimeonyesha kupunguza ukakamavu kwa saa kadhaa kwa baadhi ya watu. Inaweza kutangulia mazoezi ya kutembea, chini ya mtaalamu aliyefunzwa kazi hiyo. Lakini kifaa kilichoruhusiwa Marekani Desemba 2024, baada ya utafiti wa Up-LIFT, ni cha kusaidia mikono, si kutembea. Atakayekuuzia kwa ahadi ya kutembea, muulize hilo kwanza.

Kupima maendeleo

Weka alama mita 14, mpe mita 2 za kuanzia na 2 za kumalizia, pima sekunde za mita 10 za kati. Fanya umeme ukiwa umewaka, kisha umezimwa, fimbo au fremu ileile, kila baada ya wiki mbili. Kasi ikipanda hata umeme ukiwa umezimwa, neva na misuli yake vinajifunza, punguza utegemezi wa mashine hatua kwa hatua. Ikipanda ukiwa umewaka tu, mashine kwake ni kifaa cha kutembelea cha kila siku, na afundishwe kubandika mwenyewe. Na kama baada ya wiki 12 hakuna tofauti yoyote kati ya hali hizo mbili, splinti ni rahisi, haihitaji betri, na mgonjwa apewe hiyo.