Mnanaha kwenye maharage: ung'oe kabla haujatoa tunda

Mnanaha ni gugu linalopenda palepale maharage yanapopenda: udongo wenye samadi, kingo za mifereji, shamba lililo jirani na zizi. Wakulima wa tambarare za Moshi, Hai na Arumeru, kaskazini mwa Tanzania, wanautambua kwa majani mapana yenye meno na harufu mbaya, ua la tarumbeta jeupe au la zambarau, na tunda la miiba linalopasuka pande nne likikauka. Mmea wote una sumu, hasa mbegu. Sumu yenyewe ni atropini, hayosiamini na skopolamini.

Mishipa ya fahamu hutumia kemikali iitwayo asetilikolini kuamuru mate yatoke, utumbo usukume chakula, mboni ya jicho isinyae na moyo upunguze kasi. Atropini hukalia mahali amri hiyo inapopokelewa, isifike. Ndiyo maana aliyekula mbegu hizi hukauka kinywa, mboni hutanuka, ngozi huwa nyekundu na ya moto bila jasho, moyo huenda mbio, mkojo hukwama, kisha huanza kuweweseka. Mwaka 2019, Karamoja nchini Uganda, mamia ya watu waliugua na wengine wakafa kwa unga wa lishe uliochafuliwa na kemikali za jamii hii. Kuchemsha hakuaminiki: atropini hustahimili moto wa jikoni.

Kinga iko kwenye palizi. Palizi ya kwanza ifanyike wiki 2 hadi 3 baada ya maharage kuota, ya pili kabla hayajatoa maua. Mnanaha mchanga hukatika kwa jembe na kufa. Uliokwisha kuweka tunda, hata bichi, usiuache chini, kwa sababu mbegu zinaweza kuendelea kukomaa kwenye mmea uliong'olewa. Uweke kwenye gunia, uutoe shambani, uukaushe na kuuchoma mbali na nyumba, watu wakisimama upande upepo unakotoka, maana moshi wake nao ni hatari. Usiutupe kwenye mfereji wala kwenye lundo la samadi. Tunda moja huwa na mamia ya mbegu, nazo hukaa ardhini makumi ya miaka zikiwa hai. Vaa glavu na usijifute macho: utomvu kidogo tu hutanua mboni. Dawa ya magugu ya 2,4-D, inayotumika kwenye mahindi, itaua pia maharage yaliyo kati ya mistari.

Wakati wa kuvuna, pitia shamba kwanza ukitoa minanaha iliyobaki, ndipo ung'oe maharage. Ukiyapiga pamoja, matunda mabichi hupondeka na utomvu hugandia kwenye punje, na hapo hakuna chekecheo litakalokusaidia. Mashine ya kukodi ya kupukuchua isafishwe kabla haijaingia kwako.

Mbegu ya mnanaha ni bapa, nyeusi au kahawia, yenye umbo la figo, upana wa milimita 3 hivi. Chekecheo la matundu ya milimita 4 hadi 5 huiangusha, na maharage au mahindi hubaki juu. Kwenye mtama ni vigumu sana, kwa kuwa punje zinakaribiana ukubwa. Huko kazi yote imalizike shambani. Makapi yenye mbegu hizi usiwape ng'ombe, nguruwe wala punda. Wala usipime sumu yake kwa kuwalisha sungura: baadhi yao wana kimeng'enya kinachovunja atropini, wakala na wasidhurike.

Hospitalini atropini ni dawa ya thamani. Hutanua mboni kwa uchunguzi wa macho, na huokoa aliyedhuriwa na viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti kama klorpirifosi au profenofosi, ambavyo hufurisha asetilikolini mwilini hadi mate na makohozi yakamzidi mgonjwa. Daktari huirudia kwa kipimo huku akisikiliza mapafu. Kumtafunisha majani ya mnanaha mtu aliyevuta dawa ya kunyunyizia ni kumwongezea sumu: kiasi cha atropini hutofautiana mmea hadi mmea, jani hadi mbegu. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji na sabuni, mkimbize hospitali pamoja na kopo la dawa lenye lebo.

Aliyekula mnanaha naye asitapishwe wala kunyweshwa pombe. Mweke kivulini, mtu mmoja asimwache, kwani anaweza kukimbilia barabarani au mferejini bila kujua. Mpelekeni hospitali ya KCMC, ya Mawenzi, ya Mount Meru au kituo cha afya kilicho karibu zaidi, na mbebe sampuli ya mbegu au chakula alichokula.